Kusoma Kiingereza kwa Mazoea ya Kichina: Tatizo la Ufahamu katika Shule za Sekondari za China

Kila mwaka mwezi Juni, mamilioni ya vijana wa China hufanya mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu ujulikanao kwa jina la gaokao. Mtihani huo ulisitishwa mwaka 1966, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Utamaduni, ukarejeshwa mwaka 1977. Katika karatasi za kitaifa lugha ya kigeni, ambayo kwa walio wengi ni Kiingereza, hupewa alama 150, sawa na Kichina na Hisabati. Na ndani ya alama hizo, sehemu ya ufahamu wa kusoma ndiyo kubwa kuliko zote. Tangu mwaka 2001 serikali ilipoelekeza Kiingereza kianze kufundishwa hatua kwa hatua kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi, mwanafunzi anayefika mwisho wa sekondari huwa amekwisha kujifunza lugha hiyo kwa miaka 10 hivi. Hata hivyo, walimu wake wana lalamiko moja ambalo halijaisha: maneno anayajua, lakini maana ya aya haipati.

Lalamiko hilo linastahili kuchukuliwa kama lilivyo, kwa sababu linapingana na jibu ambalo shule nyingi hulitoa. Jibu lenyewe ni msamiati. Mwanafunzi akishindwa kuelewa matini, huongezewa orodha ya maneno ya kukariri. Akishindwa tena, orodha hurefushwa.

Haimaanishi kwamba msamiati hauna uzito. Mwaka 1989 Batia Laufer alipendekeza kwamba msomaji anahitaji kuyajua takribani asilimia 95 ya maneno ya matini ili aielewe kwa kiwango cha kuridhisha. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation waliipandisha asilimia hiyo hadi 98 kwa msomaji asiye na msaada wowote. Tofauti ya asilimia tatu yaonekana ndogo, lakini katika matini yenye maneno 300 ni tofauti ya kukwama mara 15 na kukwama mara 6. Mwaka 2006 Nation alikadiria kwamba kuifikia asilimia 98 katika riwaya na magazeti ya Kiingereza kunahitaji familia za maneno kati ya 8000 na 9000. Mtaala wa sekondari ya juu nchini China unalenga maneno yapatayo 3000. Kwa hiyo mwanafunzi akipewa gazeti la London, hana budi kukwama, na hakuna mtu wa kumlaumu.

Lakini matini za mtihani si gazeti la London. Hurahisishwa, na maneno magumu huondolewa au hufafanuliwa. Na hapo ndipo swali la kiisimu linapoanza: kwa nini mwanafunzi anakosa maana ya sentensi ambayo kila neno lake alilijua tangu mwaka wa kwanza wa masomo? Tuchukue sentensi hii ya Kiingereza: "The book the teacher gave the student has disappeared." Kitabu, mwalimu, kutoa, mwanafunzi, kutoweka: hakuna neno geni. Msomaji asiye makini ataona mwishoni mfuatano "the student has disappeared", nao unajitosheleza kisarufi na kimaana. Ataondoka akiamini kwamba aliyetoweka ni mwanafunzi.

Msomaji wa Kichina ana sababu ya ziada ya kunaswa na mtego huo. Katika Kichina sanifu sentensi hiyo husemwa: "Laoshi gei xuesheng de shu bujian le." Ikifasiriwa neno kwa neno, inakuwa: mwalimu, -pa, mwanafunzi, DE, kitabu, -toonekana, LE. Maelezo yote yanayokihusu kitabu yametangulia; kiunganishi "de" kinayafunga; kisha ndipo nomino kuu inapotokea, na kitenzi chake kinaifuata papo hapo. Katika lugha hiyo kivumishi, kimilikishi na kishazi rejeshi vyote hutangulia nomino. Msomaji wake amezoea kwamba nomino kuu hufunga kirai, na kwamba nomino iliyo karibu na kitenzi ndiyo kiima. Kiingereza humtendea kinyume: nomino kuu hufungua kirai, maelezo hufuata nyuma yake, na kitenzi kikuu huja mbali na kiima chake. Ubaya zaidi, Kiingereza huruhusu kirejeshi kidondoshwe, kama kilivyodondoshwa hapo juu, na hivyo kuondoa alama pekee ambayo ingemwonya msomaji kwamba ameingia katika kishazi tegemezi.

Wanafunzi wa isimu ya Kiswahili watauona uzito wa jambo hili wakiitazama sentensi hiyohiyo katika lugha yao: "Kitabu ambacho mwalimu alimpa mwanafunzi kimepotea." Kiswahili nacho huweka kishazi rejeshi nyuma ya nomino, sawa na Kiingereza, lakini kina mlinzi ambaye Kiingereza hakina. Kiambishi "ki-" katika "kimepotea" hakikubali kuambatana na mwanafunzi. Hata mtu akisahau mwanzo wa sentensi, upatanisho wa kisarufi unamrudisha kwenye kitabu. Kiingereza chenye "has" moja kwa kitabu na kwa mwanafunzi hakitoi msaada huo, na Kichina, ambacho hakina upatanisho wa aina hiyo kabisa, hakikumzoeza msomaji wake kuutafuta. Si kwamba kila kosa latokana na lugha ya kwanza. Nadharia ya isimu linganishi ilipodai hivyo katikati ya karne ya 20 ilijidhuru yenyewe. Hata watoto wazawa wa Kiingereza huteleza katika miundo hii. Tofauti ni kwamba wao huisikia kila siku hadi ikazoeleka, na mwanafunzi wa Kichina hukutana nayo kwenye karatasi tu.

Kuhusu maandishi yenyewe, inafaa kwanza kuondoa dhana potofu kwamba Kichina huandikwa kwa picha. Herufi zake nyingi, zaidi ya asilimia 80, zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine ikidokeza sauti. Kila herufi kwa kawaida huwakilisha silabi moja na mofimu moja, na hakuna nafasi inayoachwa kati ya neno na neno. Je, mazoea hayo huhamia katika usomaji wa Kiingereza? Utafiti wa Min Wang, Keiko Koda na Charles Perfetti wa mwaka 2003 uliwalinganisha wajifunzaji wa Kiingereza wenye asili ya Kikorea, lugha ambayo huandikwa kwa alfabeti, na wale wa Kichina. Wakorea walipotoshwa zaidi na maneno yenye sauti sawa, ilhali Wachina walipotoshwa zaidi na maneno yenye tahajia zinazofanana. Kwa maneno mengine, Wachina waliitegemea zaidi sura ya neno kuliko sauti yake.

Matokeo haya hayapaswi kuchukuliwa kwa Wachina wote kwa jumla. Watoto wa China bara huanza shule kwa kujifunza Pinyin, mfumo wa kuandika sauti za Kichina kwa herufi za Kirumi uliopitishwa mwaka 1958. Wale wa Taiwan hutumia alama nyingine za sauti. Na wale wa Hong Kong kwa desturi walijifunza herufi moja kwa moja bila mfumo wowote wa sauti. Alison Holm na Barbara Dodd walipowapima wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1996, waliotoka Hong Kong ndio waliopata shida kubwa kuyasoma maneno ya kubuni. Lugha ya kwanza si yote. Namna mtu alivyofundishwa kuisoma nayo ina nafasi yake.

Viunganishi vina kisa chao kidogo. Kichina hutumia jozi: "suiran" katika kishazi cha kwanza, na "danshi" katika cha pili. Kiingereza huruhusu kimoja tu, hivyo msomaji anayesubiri cha pili huweza asitambue kwamba hoja imekwisha kugeuka. Mhadhiri wa Kiswahili anayepambana na wanafunzi wanaoandika "ingawa" kisha "lakini" katika sentensi moja hatashangaa.

Kuna waliokwenda mbali zaidi ya sarufi na kudai kwamba tatizo limo katika fikra. Mwaka 1981 Alfred Bloom alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba wasemaji wa Kichina hupata shida kufikiri juu ya mambo yasiyotokea, kwa kuwa lugha yao haina umbo maalumu la kitenzi kama lile la Kiingereza la "angalijua". Ushahidi wake ulikuwa hasa hadithi alizowapa watu wazisome kisha wajibu maswali. Mwaka 1983 Terry Au alirudia kazi hiyo kwa hadithi zilizoandikwa kwa Kichina fasaha zaidi, na shida ile kwa sehemu kubwa ikatoweka. Kilichoonekana kuwa upungufu wa fikra kilikuwa upungufu wa matini. Kisa hiki kingefaa kusomwa na kila anayetunga mtihani wa ufahamu, maana mtungaji hupima lugha aliyoiandika kabla hajapima akili ya anayeisoma.

Turudi darasani. Ufundishaji wa Kiingereza nchini China kwa muda mrefu umetofautisha njia mbili za kusoma: "jingdu", yaani usomaji wa kina, na "fandu", yaani usomaji mpana. Kwa nadharia zote mbili zinatambuliwa. Kwa vitendo, ya kwanza imemeza ya pili. Matini fupi hufundishwa kwa vipindi kadhaa. Kila neno huchambuliwa, kila kanuni ya sarufi hutajwa, na mwishoni mwanafunzi anaweza kueleza mambo mengi kuhusu matini hiyo isipokuwa mwandishi alitaka kusema nini. Mwaka wa mwisho wa sekondari huwa zaidi wa marudio na mazoezi ya kuchagua jibu. Hapo hufundishwa mbinu: soma maswali kwanza, tafuta neno la swali ndani ya matini, chagua jibu lililo karibu nalo. Mbinu hizo huleta alama. Lakini zina kasoro ileile ya sentensi ya kitabu na mwanafunzi: zinamzoeza msomaji kuamini ukaribu wa maneno badala ya muundo.

Mabadiliko ya mtihani wenyewe yameanza kuziumbua mbinu hizo. Karatasi za kitaifa zina zoezi la matini yenye mapengo matano na sentensi saba za kuchagua. Anayetafuta neno linalofanana hupotea, kwa sababu jibu hutegemea kiwakilishi kinarejelea nini na aya inaelekea wapi. Mwaka 2016 mkoa wa Zhejiang ulitangulia kuweka katika gaokao zoezi la kusoma hadithi isiyokamilika kisha kuiendeleza kwa maneno 150 hivi, na baadaye likaingia katika karatasi mpya ya kitaifa. Asiyeelewa nani alimfanyia nani nini hawezi kuendeleza hadithi, na hakuna herufi A hadi D za kubahatisha.

Tiba inayotokana na uchambuzi huu ni ya namna mbili, na ya kwanza ni nyepesi. Mwanafunzi afundishwe kukitafuta kitenzi kikuu kabla ya jambo lolote, kisha arudi nyuma kuuliza kiima chake ni kipi, na kuyatia mabano yote yaliyo katikati. Katika mfano wetu, akitia mabano "the teacher gave the student", kinachobaki ni kitabu na kutoweka. Dakika chache kwa siku, kwa sentensi zenye maneno mepesi kabisa, zatosha. Tafsiri ya Kichina, ambayo wapenzi wa mbinu ya kimawasiliano waliikimbia, ina kazi hapa: mwanafunzi akitakiwa kuiandika sentensi hiyo kwa Kichina, mwalimu ataona mara moja kama "de" imewekwa mahali pake, na kwa hiyo kama muundo umeeleweka.

Ya pili ni nzito, nayo ni wingi wa kusoma. Muundo hautambuliwi upesi kwa kuelezwa. Hutambuliwa kwa kukutana nao mara elfu. Warwick Elley na Francis Mangubhai walionyesha nchini Fiji, katika kazi yao ya mwaka 1983, kwamba watoto wa shule za msingi waliopewa vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza waliwapita wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Hao hawakuwa Wachina wala wa sekondari, lakini sababu haijifungi kwa umri wala kwa taifa. Kinachohitajika ni vitabu rahisi, vyenye kiwango kilicho chini kidogo ya uwezo wa msomaji, ili ile asilimia 98 ifikiwe bila kamusi. Na hapo ndipo pagumu. Katika darasa la wanafunzi 50 hivi, mzazi anayemwona mwanawe wa miaka 17 akisoma hadithi nyepesi huku mtihani ukikaribia atauliza, na ana haki ya kuuliza, muda huo unapotea kwa faida gani.

Mwanafunzi huyo anayo hata hivyo akiba moja ambayo haionekani kwenye takwimu za msamiati. Fizikia, Historia na Jiografia amezisoma kwa Kichina. Akikuta matini ya Kiingereza kuhusu mmomonyoko wa udongo, dhana anayo tayari. Anachotafuta ni maneno na muundo tu. Nchini Tanzania, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika sekondari, mwanafunzi mara nyingi hutakiwa kuipata dhana na lugha kwa pamoja katika ukurasa mmoja, na ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kuonyesha ni wangapi walioshindwa. Anayelinganisha alama za ufahamu za nchi hizi mbili bila kuitaja tofauti hiyo hulinganisha vitu viwili visivyofanana.