Mvuto wa Rekodi za Magendo za Maonesho ya Jukwaani: Mfano wa Kundi la Panki la Sex Pistols

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini rekodi zilizonaswa bila idhini katika maonesho ya muziki wa panki huendelea kutafutwa na wasikilizaji ilhali ubora wa sauti yake mara nyingi ni duni. Mfano unaotumika ni kundi la Sex Pistols la Uingereza, ambalo lilitoa albamu moja tu ya studio kabla ya kuvunjika mwaka 1978. Kwa kutumia dhana za fanani, hadhira na utendaji zilizozoeleka katika taaluma ya fasihi simulizi, makala yanadai kuwa thamani kuu ya rekodi hizo ni ushahidi wake wa tukio. Aidha, yanaonesha kwamba ushahidi huo unaweza kughushiwa, na kwamba upatikanaji wake unagusa haki ya msanii.

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Juni 1976, vijana wanne kutoka London walipiga muziki katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall, mjini Manchester. Onesho hilo liliandaliwa na Howard Devoto na Pete Shelley, waasisi wa kundi la Buzzcocks. Waliohudhuria walikuwa wachache. Makadirio mengi hutaja watu arobaini hivi. Miongoni mwao walikuwemo Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baadaye walikuwa waanzilishi wa kundi la Joy Division. Kadiri miaka ilivyopita na jina la Sex Pistols lilivyokua, idadi ya watu waliodai kuwa walikuwepo usiku ule iliongezeka, hata ikawa jambo la mzaha. Kila mmoja alitaka kuwa shahidi.

Hata hivyo, mle ukumbini kulikuwa pia na kinasasauti. Kanda iliyotokana nacho ilinakiliwa na kusambazwa kwa miaka mingi nje ya mikono ya kampuni za muziki. Sauti yake imefifia, maneno ya nyimbo hayasikiki vizuri, na gitaa huzimeza ala nyingine. Pamoja na kasoro hizo, wapo wasikilizaji wanaoithamini kuliko albamu iliyorekodiwa kwa ustadi studioni. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mtu mwenye albamu rasmi nyumbani hutafuta nini katika kanda mbovu?

2.0 Maana na asili ya rekodi za magendo

Katika makala haya, rekodi ya magendo ni rekodi ya sauti ya msanii iliyosambazwa bila idhini yake wala ya kampuni yenye mkataba naye, na yenye maudhui ambayo hayakuwahi kutolewa rasmi. Sehemu ya mwisho ya fasili hii ni muhimu. Anayenakili albamu iliyopo dukani na kuiuza kwa bei nafuu ni mwigaji wa bidhaa. Mnunuzi wake anapata kile kile kwa fedha kidogo. Mnunuzi wa rekodi ya magendo, kwa upande wake, anatafuta kitu ambacho hakipo dukani kwa bei yoyote.

Utamaduni huu ni mkongwe. Kati ya mwaka 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mkutubi wa Metropolitan Opera ya New York, alinasa vipande vya maonesho ya opera kwa mashine ya fonografu iliyotumia mitungi ya nta. Mitungi hiyo imejaa mikwaruzo, lakini ni miongoni mwa kumbukumbu chache za sauti za waimbaji wa wakati ule wakiwa jukwaani. Katika muziki wa roki, biashara hii ilishika kasi mwaka 1969, santuri ya magendo ya Bob Dylan iitwayo Great White Wonder ilipoanza kuuzwa Marekani. Kaseti, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliuongezea utamaduni huu miguu, kwani kuanzia hapo shabiki wa kawaida aliweza kubeba mashine ya kunasia sauti ndani ya koti.

3.0 Jinsi sauti inavyonaswa

Ili kuelewa mvuto wa rekodi hizi, ni lazima kwanza kufahamu namna zinavyotengenezwa, kwani kila namna huzaa sauti yake. Kuna njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kunasa sauti kutoka katikati ya hadhira. Kinasasauti huchukua kila kinachosikika mahali aliposimama mnasaji: muziki, mwangwi wa kuta, kikohozi cha jirani na ugomvi wa nyuma. Vinasasauti vingi vya bei nafuu vilikuwa na mtambo wa kurekebisha kiwango cha sauti wenyewe. Muziki ukipanda, mtambo huubana; wimbo ukiisha, mtambo hufunguka na minong'ono ya watu hupaa ghafla. Ndiyo maana katika kanda za aina hii msikilizaji hujiona ameketi miongoni mwa watu mara tu ala zinaponyamaza.

Njia ya pili ni kuchukua sauti moja kwa moja kutoka katika mitambo ya fundi sauti. Kanda hizi huwa safi zaidi, lakini si lazima ziwe za kweli zaidi. Katika kumbi ndogo, ngoma na vikuza sauti vya magitaa husikika vyenyewe bila msaada, hivyo fundi hupitisha mitamboni hasa sauti ya mwimbaji. Matokeo yake ni kanda ambamo mwimbaji yuko karibu mno na magitaa yako mbali.

Njia ya tatu ni kunasa matangazo ya redio. Onesho la mwisho la Sex Pistols katika kipindi chao cha kwanza, lililofanyika katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, tarehe 14 Januari 1978, lilirushwa na kituo cha redio cha KSAN. Yeyote mwenye redio na kaseti aliweza kulihifadhi, na rekodi zake zikaenea haraka.

Baada ya kunaswa, kanda huanza safari ya kunakiliwa. Kila nakala huongeza mvumo, na tofauti ndogo za mwendo wa mashine hupandisha au kushusha sauti nzima. Kwa sababu hiyo, wakusanyaji huhesabu vizazi vya kanda kama wanaukoo wanavyohesabu nasaba: iliyo karibu na kanda mama ndiyo yenye heshima.

4.0 Sababu za mvuto

4.1 Uhaba wa kazi rasmi na wa nafasi ya kuhudhuria

Sex Pistols walipiga onesho lao la kwanza tarehe 6 Novemba 1975 na kuvunjika Januari 1978. Katika muda huo walitoa albamu moja ya studio, Never Mind the Bollocks, Here's the Sex Pistols, iliyotoka Oktoba 1977. Glen Matlock, mpiga gitaa la besi aliyeshiriki kutunga nyimbo zao nyingi, aliondoka Februari 1977, kabla ya albamu kukamilika. Ni wimbo mmoja tu katika albamu hiyo, "Anarchy in the U.K.", ambao besi yake ni ya Matlock. Sehemu kubwa ya besi iliyobaki ilipigwa na Steve Jones, mpiga gitaa.

Kuwaona jukwaani nako kulikuwa kugumu. Baada ya mahojiano ya televisheni ya tarehe 1 Desemba 1976, ambamo kundi lilitumia lugha ya matusi, maonesho mengi ya ziara yao ya mwezi huo yalifutwa. Hivyo basi, anayetaka kulisikia kundi la awali likiwa na watu wake wanne wa mwanzo hana budi kuzirudia kanda za mwaka 1976. Katika hali kama hii, kanda ya magendo si ziada juu ya kazi rasmi, bali ndiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu yenyewe.

4.2 Wimbo kabla haujaganda

Albamu ya studio ilijengwa tabaka juu ya tabaka. Watayarishaji Chris Thomas na Bill Price walimrekodi Jones akirudia sehemu za gitaa mara kadhaa, kisha wakazipanga pamoja hadi zikawa kama ukuta. Jukwaani gitaa lilikuwa moja. Anayelinganisha kanda na albamu husikia mahali palipobaki wazi: besi ya Matlock inatembea peke yake na ngoma za Paul Cook zinabeba uzito ambao studioni ulibebwa na magitaa.

Vilevile, kanda huonesha kundi likiwa bado linajitafuta. Katika onesho la Manchester la Juni 1976, "Anarchy in the U.K." haimo. Badala yake zimo nyimbo za watu wengine, zikiwemo za makundi ya Small Faces, The Who na The Stooges. Msikilizaji wa albamu hukutana na kundi lililokwisha kuwa tishio. Msikilizaji wa kanda hukutana na vijana wanaojifunza kazi yao mbele ya watu.

4.3 Hadhira kama sehemu ya utendaji

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba ngano iliyoandikwa kitabuni ni kivuli cha ngano iliyotambwa. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kuwa utendaji ndio uhai wa kazi simulizi. Fanani huitazama hadhira, hupunguza hapa na kuongeza pale, na hadhira humjibu. Anayeondoa mwitikio wa hadhira huondoa sehemu ya kazi yenyewe.

Hoja hii inafaa kabisa katika muziki wa panki. Wafuasi wa muziki huu walikataa umbali uliokuwepo kati ya nyota wa roki na watazamaji wake. Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, alizungumza na watu, akawadhihaki, nao wakamjibu. Katika rekodi ya Winterland, mbele ya watu wapatao 5,000, anamaliza onesho kwa kuwauliza kama wamewahi kuhisi kwamba wamepunjwa. Swali hilo haliko katika albamu yoyote ya studio na lisingeweza kuwako, kwa kuwa lilihitaji umati wa kuulizwa na usiku ambao kila kitu kilikuwa kinavunjika.

4.4 Kanda kama shahidi

Sababu ya nne ndiyo iliyo nzito zaidi. Kumbukumbu za watu kuhusu usiku wa Manchester zimepambwa kwa miaka mingi ya kusimuliwa. Kanda haijapambwa. Inaonesha kwamba baina ya nyimbo makofi yalikuwa ya watu wachache tu. Ukumbi haukujua kwamba unaingia katika historia. Kwa msikilizaji, thamani ya jambo hili ni kubwa: anasikia tukio kabla halijageuzwa kuwa hadithi. Akimsikia mtu mmoja akipiga makofi upande wa kushoto, anajua kuwa mtu huyo alikuwepo kweli.

5.0 Tatizo la uhalisi

Pamoja na hayo, ni hatari kudhani kwamba sauti mbaya ndiyo sauti ya kweli. Tarehe 17 Septemba 1976 Sex Pistols walipiga muziki katika gereza la Chelmsford, na Dave Goodman, fundi sauti wao, akalirekodi onesho hilo. Katika toleo la rekodi hiyo lililouzwa miaka ya 1990, ziliongezwa kelele za ghasia pamoja na sauti ya mtu aliyemuiga Rotten kati ya nyimbo, ili ionekane kana kwamba wafungwa walikuwa wakichochewa kuasi. Mfano huu unafundisha sana. Aliyeongeza kelele alijua vyema mnunuzi anatafuta nini, akampa kwa wingi kuliko ukweli ulivyoruhusu. Hivyo basi, kiu ya uhalisi inaweza yenyewe kuzaa uongo, na msikilizaji makini hana budi kulinganisha kanda moja na nyingine kabla ya kuamini anachosikia.

6.0 Haki ya msanii

Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unawapa wasanii watendaji ulinzi dhidi ya kurekodiwa kwa maonesho yao bila ridhaa yao. Msingi wake unaeleweka. Onesho ni jasho la mtu, na anayeuza kanda ya magendo huvuna asipopanda. Utetezi wa kawaida wa mashabiki ni kwamba mnunuzi wa kanda hizi kwa kawaida amekwisha kununua albamu rasmi, hivyo msanii hapotezi mauzo. Utetezi huo una ukweli ndani yake, lakini haujibu suala la ridhaa: msanii pia ana haki ya kuamua ni usiku upi usisikike tena.

Njia mbili za upatanisho zimejitokeza. Ya kwanza ni kampuni kurasimisha kilichokuwa magendo. Mwaka 2016 maonesho manne ya Sex Pistols ya mwaka 1976, likiwemo lile la Manchester na lile la Chelmsford, yalitolewa rasmi katika seti iitwayo Live '76. Ya pili ni wasanii wenyewe kuongoza. Kundi la Fugazi la Washington, D.C., ambalo mafundi wake walirekodi maonesho zaidi ya 800, lilianza mwaka 2011 kuyaweka hadharani kupitia mtandao. Bei iliyopendekezwa ilikuwa dola 5 kwa onesho, na mnunuzi aliweza kuchagua kulipa kati ya dola 1 na dola 100. Makosa ya kupiga, mabishano na watazamaji na usiku usiofana vyote vimo. Wasanii hao waliyatoa yale ambayo mashabiki walikuwa wakiyatafuta kwa kificho, na ridhaa ikawepo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mvuto wa rekodi za magendo za panki hautokani na kupenda sauti mbaya wala kupenda kitu kilichokatazwa pekee. Unatokana na uhaba wa kazi rasmi, na hamu ya kusikia wimbo kabla haujaganda, nafasi ya hadhira katika utendaji, na zaidi ya yote uwezo wa kanda kushuhudia tukio ambalo kumbukumbu imelipamba. Ushahidi huo unastahili kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote, na mwenye jasho lake anastahili kuulizwa. Yakitimizwa hayo mawili, kanda yenye mvumo itabaki na nafasi ambayo albamu safi haiwezi kuichukua: inamruhusu mtu ambaye hakuwepo kujua, walau kwa masikio, usiku ule ulikuwaje.