Maonyesho, Mkusanyo na Kielelezo: Istilahi za Makumbusho ya Sayansi

Makumbusho ya sayansi ya viumbe yana kazi mbili ambazo wafasiri hawana budi kuzipambanua. Ya kwanza ni kuonyesha. Ya pili ni kutunza na kuchunguza. Mgeni huona ile ya kwanza tu. Nyuma ya ukuta mna makabati ya ndege waliokaushwa, wadudu waliochomwa pini na mitungi ya samaki. Mfasiri akiviita vyote “maonyesho”, ofisa anayegawa fedha aweza kudhani kuwa kisichoonyeshwa hakina kazi. Kwa hiyo twapendekeza kwamba *maonyesho* yawe yale yaliyopangwa kwa ajili ya umma, na *mkusanyo* uwe hazina yote iliyoandikishwa kwa ajili ya utafiti.

Kila kimoja katika mkusanyo tungekiita *kielelezo*, wala si *sampuli*. Sampuli hutwaliwa ili kupima kitu kizima, kama vile chupa ya maji ya kisima. Ikishapimwa yaweza kumwagwa. Kielelezo hakimwagwi, kwani ndicho ushahidi wenyewe.

Tuchukue mfano wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini. Tarehe 22 Desemba 1938, mhifadhi wake, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona samaki wa ajabu kati ya samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57 hivi. Bibi huyo hakuwa na dawa ya kutosha ya kumhifadhi, na samaki akaanza kuoza. Fundi alimchuna na kuijaza ngozi, matumbo yakatupwa. Mwaka 1939 J.L.B. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, wa kundi lililodhaniwa kuwa limetoweka tangu miaka milioni 65 au zaidi, akampa jina *Latimeria chalumnae*. Ili kuchunguza viungo vya ndani, wataalamu walingoja hadi 1952, alipopatikana wa pili huko Komoro.

Ngozi ile ya 1938 ni *kielelezo-msingi*, yaani kile ambacho jina la spishi limefungamana nacho. Mwaka 1999 silikanti wa Indonesia walipewa jina la spishi nyingine. Wale waliovuliwa Tanga wamo katika spishi ya Smith. Hukumu za namna hii huhitaji vielelezo vilivyotunzwa.

Hatimaye, *kitambulisho* ni karatasi inayotaja mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mfasiri asiifupishe. Kielelezo kisicho na kitambulisho ni kama barua isiyo na tarehe wala sahihi: chaweza kupendeza macho, lakini hakiwezi kushuhudia jambo lolote.