Tairi la Barabara Kuu Huchaguliwa kwa Umri, Si kwa Kashata

Matairi ya gari dogo linaloshinda kwenye lami ndefu, iwe Dar es Salaam hadi Dodoma au Nairobi hadi Mombasa, hununuliwa kwa swali moja lisilozeeka: mtumba wa Japani au jipya la China? Swali huulizwa kwa uzito kana kwamba jina la nchi ndilo linalopasuka barabarani. Kinachopasuka ni mpira uliochoka juu ya nyuzi za chuma zilizoanza kuachana, na mpira hauchoki kwa uraia wake. Huchoka kwa miaka, kwa joto na kwa upepo pungufu. Mambo hayo matatu hayaonekani kwenye kashata, yaani vinundu vya uso wa tairi, na kashata ndiyo karibu kila mnunuzi wa mtumba anayoitazama peke yake.

Kazi ya tairi kwenye barabara kuu ni tofauti na kazi yake mjini. Tairi la 195/65R15, ukubwa unaovaliwa na Noah nyingi, lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi hilo huzunguka takriban mara 14 kila sekunde, na kila mzunguko sehemu iliyo chini hubonyea, ubavu hujikunja, kisha vyote hurudi vilivyokuwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tendo hilo hurudiwa zaidi ya mara 90,000. Kila mkunjo huzaa joto. Tairi zima hulitoa joto hilo karibu kwa kasi linavyolizalisha. Tairi lililochoka, au lenye upepo mdogo, huzalisha zaidi ya linavyotoa. Joto hujikusanya zaidi kwenye kingo za mikanda ya chuma iliyofichwa chini ya kashata, karibu na bega la tairi. Hapo ndipo kubanduka huanzia, ndani, pasipo mtu kuona.

Mpira nao huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Oksijeni huuingia taratibu na kuukausha, na joto huharakisha kazi hiyo. Viwanda huchanganya nta na kemikali za kuzuia kuzeeka, lakini kinga hiyo husambaa hadi juu pale tairi linapojikunja kazini. Tairi lililolala stoo halipati hata faida hiyo. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama halijaisha, na watengenezaji wa matairi huweka kikomo cha miaka 10 tangu siku ya kutengenezwa. Hicho ni kikomo cha juu kabisa. Kukigeuza kuwa lengo ni kazi ya wauzaji.

Sasa kashata. Muuzaji huingiza ukucha kwenye mfereji wa tairi, hutikisa kichwa kwa kuridhika na kusema bado limesimama. Anachokipima ni uwezo wa tairi kusukuma maji pembeni wakati wa mvua, basi. Kina cha kashata hakisemi lolote kuhusu gundi inayoshikanisha mpira na chuma. Tairi lenye miaka 11 na kashata za milimita 7 ni tairi lililozeeka bila kutumika, na kwenye lami ya saa nane mchana hilo ni baya kuliko lenye miaka 3 na milimita 4. Kashata nzito juu ya mwili mkongwe huongeza joto, kwa kuwa mpira mnene hujikunja zaidi na hupoa polepole. Mnunuzi anayejisifu kwamba amepata mtumba ambao haujatumika kabisa mara nyingi amenunua mzee aliyekaa stoo.

Hoja ya pili ya watetezi wa mtumba ni kwamba Wajapani na Wazungu hutupa vitu vizima. Wakati mwingine ni kweli. Lakini matairi hutolewa kwenye gari kwa sababu: kashata zimekaribia milimita 1.6 ambazo ni kikomo cha kisheria huko, umri umepita, ubavu umegonga ukingo wa barabara, au msimu umegeuka. Hii ya mwisho ndiyo inayoleta balaa kubwa zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu tairi la theluji likitolewa hubaki na kashata nene zenye mikato mingi myembamba, na huyo muuzaji wetu huliita tairi la kung'ata barabara.

Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira laini unaokusudiwa kufanya kazi chini ya nyuzi joto 7 hivi za Selsiasi. Kwenye baridi hiyo hubaki laini wakati mpira wa kawaida unakuwa mgumu. Juu ya lami ya Chalinze hulegea, vinundu vyake huyumba, gari huchelewa kusimama breki zikikanyagwa, na kashata zile zilizosifiwa huisha upesi. Hata Makete, ambako Julai huleta sakitu, hakuna barabara inayohitaji tairi hilo. Kulitambua hakuhitaji shahada: ubavuni huandikwa STUDLESS, au huwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama ni bidhaa nzuri sana, huko Hokkaido. Gari linaloagizwa Japani likifika bandarini limevaa hayo, gharama ya matairi mapya ihesabiwe ndani ya bei ya gari.

Kisha kuna historia inayofichwa. Rangi nyeusi ya kung'arisha hufunika nyufa ndogo za ubavuni. Kipara huchongwa upya kwa kisu cha moto ili kionekane kina mifereji, ilhali mkato huo huukaribia ukanda wa chuma. Tairi la tubeless lenye jeraha huwekewa tyubu ndani, likashika upepo vizuri mbele ya mteja, huku msuguano wa tyubu na tairi ukiongeza joto barabarani. Tairi lililowahi kukimbizwa likiwa na upepo kidogo huacha ushahidi ndani: alama ya mkunjo inayozunguka ubavu mzima na unga mweusi wa mpira. Ushahidi huo huonekana tairi likiwa nje ya ringi tu, na muuzaji anayekataa kulitoa amekwisha kujibu.

Utetezi wa mwisho ni bei, na huo nao haupiti hesabu ya darasa la tano. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za takriban milimita 8. Likiisha kisheria linabaki na 1.6, kwa hiyo kinachonunuliwa ni milimita 6.4 za matumizi. Mtumba wenye milimita 5 una 3.4 tu zinazotumika, karibu nusu. Basi mtumba unaouzwa nusu ya bei ya jipya haujampunguzia mtu chochote, hata kabla umri wake haujaulizwa. Ukiwa na milimita 4 na bei ileile, mnunuzi amepunjwa huku akishukuru.

Wapo wanaojibu kwamba wametumia mitumba miaka mingi bila tatizo. Wengi wao huendesha mjini, kwenye foleni, mwendo wa kilomita 40, na kwa kazi hiyo tairi chovu linaweza kuvumilia muda mrefu. Siku linapopelekwa Arusha na abiria watano na mizigo ndipo linapoulizwa swali lake la kwanza gumu. Na jina kubwa la kiwanda si kinga. Agosti 2000 Firestone ilirudisha kutoka sokoni matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka kutoka kwenye mikanda ya chuma gari likiwa kwenye kasi, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na kasoro hiyo. Visa vilirundikana kwenye majimbo ya joto: Arizona, California, Florida na Texas. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26 tu, na kampuni hizo mbili ziligombana hadharani kuhusu nani alaumiwe. Matairi yale yalikuwa ya kiwanda chenye heshima na yalinunuliwa mapya. Joto, kasi na upepo mdogo havikuuliza jina.

Kuhusu China, jibu ni fupi. Huko hutengenezwa matairi dhaifu na matairi bora, na viwanda vikubwa vya Japani na Ulaya navyo vina matawi huko. Tairi jipya la bei ya chini lenye tarehe ya karibuni, uzito na kasi vinavyolingana na gari, hushinda mtumba wa miaka 9 wa jina lolote.

Uchaguzi wenyewe, basi. Ukubwa uwe ule wa kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kupanua tairi kwa ajili ya sura ni kuchezea spidomita na breki. Baada ya ukubwa husomwa namba na herufi: 91H maana yake kilo 615 kwa kila tairi na kasi ya juu ya kilomita 210 kwa saa, na S ni 180, T ni 190. Zisishuke chini ya zilizo kwenye kibandiko. Tarehe ni tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la soko la Japani huenda lisiwe na herufi DOT mbele ya namba hiyo lakini tarakimu huwapo, na zisipoonekana upande mmoja zitafutwe upande wa pili. Namba yenye tarakimu tatu tu ni ya kabla ya mwaka 2000, na tairi hilo ni la kufungia boti gatini. Penye alama ya joto ya Kimarekani, A ni bora kuliko B, na C ni ya mwisho. Kashata ziwe za mistari mirefu isiyokatika katikati. Zile nene za matope hupiga kelele, hula mafuta na hupata moto bure. Fedha zikitosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama fundi atabisha: nyuma ikiteleza kwenye mvua gari huzunguka, na madereva wachache huweza kulirudisha. Kisha balansi, kisha alaimenti.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi, kwa namba ya kibandiko na si ile ya ubavuni ambayo ni kikomo cha tairi. Kupunguza upepo kwa sababu ya jua kali ni kosa: tairi hubonyea zaidi, na linalobonyea zaidi hupata moto zaidi. Naitrojeni inayouzwa kama dawa ni asilimia 78 ya hewa ya kawaida inayotoka kwenye kila pampu.

Tairi la akiba nalo lina tarehe, na gari lililoagizwa likiwa na miaka 10 mara nyingi bado limebeba spea iliyotoka nayo kiwandani. Ile nyembamba ya muda hujazwa psi 60 na haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Imeandikwa hivyo ubavuni mwake.