Deni la machozi lachezwa bila ya neno

BI HARUSI ameletwa, uso umefunikwa kitambaa chekundu kama ilivyo ada ya Wachina wa zamani. Bwana harusi, kijana Jia Baoyu, moyo wamwenda mbio. Ameambiwa anamuoa Lin Daiyu, binti wa shangazi yake aliyempenda tangu utotoni. Afunuapo kitambaa, lo! Mbele yake yuko Xue Baochai, binti wa mama yake mdogo. Wazee wamekwisha kata shauri, bibi mzaa baba akiwa mbele. Na saa ile ile, katika chumba kingine, Daiyu anakata roho baada ya kuyatia motoni mashairi yake.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa ghashi kama hiyo. Ndoa za watoto wa ndugu twazijua, na neno la bibi nyumbani twalijua pia.

Kisa hiki kimo katika "Ndoto ya Chumba Chekundu", riwaya ya Cao Xueqin wa karne ya 18. Ina sura 120 na watu zaidi ya 400. Sura 80 za kwanza zakubaliwa kuwa zake. Zile 40 za mwisho, zenye harusi hiyo, zilichapwa mwaka 1791, yeye akiwa kaburini zamani, na wataalamu hawajaacha kubishana juu yake.

Nani basi athubutu kuigeuza bahari hiyo iwe ngoma ya jioni moja, isiyo na mazungumzo? Wamethubutu zaidi ya mara moja. Mapema miaka ya 1980 mchezaji mashuhuri Chen Ailian alicheza nafasi ya Daiyu, akaendelea nayo hata uzeeni. Mwaka 2021 kikundi cha mkoa wa Jiangsu kilitoa mchezo mpya wa sehemu 12, chini ya uongozi wa Li Xing na Li Chao. Mkoa huo si mgeni kwa kisa hiki: Cao alizaliwa Nanjing, ambako babu yake alisimamia viwanda vya hariri vya mfalme, kabla ya serikali kuitwaa mali ya ukoo.

Shida kubwa ni maneno. Vijana wa riwaya hii hushindana kwa mashairi na mafumbo, na mguu hautungi shairi. Lakini Daiyu azoapo maua yaliyopukutika, jembe begani, akayazike yasikanyagwe, mgongo ulioinama watosha kabisa.

Liko pia deni. Riwaya yasema Daiyu, kabla hajazaliwa, alikuwa mmea ulionyweshewa umande na Baoyu, akaahidi kumlipa kwa machozi ya maisha yake yote. Asiyekisoma kitabu ataona msichana mlizi tu. Hapo, kwa maoni yangu, ngoma hupungukiwa, na hakuna mapambo yatakayoziba pengo hilo.

Ama kuhusu harusi, mambo ni kinyume. Kitabu hakina budi kusimulia jambo moja, kisha lingine. Jukwaa laweza kuwaweka wote kwa pamoja: huku kitambaa chekundu kinafunuliwa, kule karatasi zinaungua, na ngoma inayowachezesha ni moja.