Je, Wajua? Tairi Kubwa Chini ya Kampavani

Je, wajua kuwa kampavani hubeba mzigo hata ikiwa imezimwa? Hiace ya abiria hushusha watu jioni na kurudi nyumbani tupu. Hiace hiyohiyo ikishawekewa kitanda, kabati, jiko na tangi la maji, mzigo wake hulala humo mwaka mzima, na matairi hulala nao. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, huweza kupita kilo 30, na seremala hatumii mmoja tu. Betri ya asidi ya ampea 100 ni karibu kilo 30 nyingine. Bado friji, mtungi wa gesi, dizeli, na wenye gari wenyewe.

Ndiyo maana anayetaka kuinua gari lake kwa tairi kubwa na rimu mpya namshauri aanze na uzito. Urembo una nafasi yake, na hakuna ubaya kupenda gari lisimame vizuri. Lakini namba inayoamua iwapo tairi litapasuka juani au litafika ni ndogo, imeandikwa ubavuni, na wauzaji wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Tuchukue Hiace ya umbo tulilolizoea, ile iliyozinduliwa Japani mwaka 2004. Tairi lake la kawaida ni 195R15C, na baada ya hapo huja namba kama 106/104. Hiyo 106 haimaanishi kilo 106; ni namba ya jedwali la uzito, na katika jedwali hilo 106 ni kilo 950. Namba ya pili ni ya magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma, kwa hiyo mwenye Hiace hatazami hiyo. Matairi mawili ya nyuma, basi, yana uwezo wa kilo 1,900.

Sasa mwenye gari anaingia dukani na kuoneshwa 225/70R15. Ni pana kwa milimita 30, limejaa vizuri chini ya madigadi, na kimo chake, karibu milimita 696, hakitofautiani sana na cha tairi la zamani. Rimu ya inchi 15 inabaki palepale. Kila kitu kinaelekea kuwa sawa. Lakini kuna 225/70R15 mbili sokoni. Moja ni ya magari madogo, ina namba 100, yaani kilo 800 kwa tairi. Nyingine ina herufi C mwishoni na namba 112/110, yaani kilo 1,120. Upana ni ule ule, kimo ni kile kile, na tofauti ni kilo 320 kwa kila tairi. Anayefunga lile la kwanza amepunguza uwezo wa ekseli ya nyuma kutoka kilo 1,900 hadi 1,600, huku gari likionekana limeongezewa nguvu. Anayefunga la pili amepata akiba, ingawa hajapata ruhusa ya kuongeza shehena: springi, breki na ekseli vina kikomo chake, na kikomo hicho kiko kwenye kibati cha kiwanda.

Akiba hiyo nayo haiji bila upepo. Tairi la C hubeba uzito wake kamili likiwa limejazwa upepo wake kamili, na likijazwa nusu hubeba pungufu sana.

Barani Ulaya kuna hata matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari haya peke yake. Yana alama CP ubavuni, na ukuta wake umeimarishwa kwa sababu gari la kulala husimama wiki nyingi likiwa na shehena. Upepo unaopendekezwa kwa tairi la CP la ekseli ya nyuma ni baa 5.5, karibu psi 80. Hapo ndipo kitu kidogo kuliko vyote huleta shida: vali ya kawaida ya mpira, ile inayovutwa na kuingia kwenye tundu la rimu, kikomo chake ni psi 65. Rimu mpya ya gari zito iwekewe vali ya chuma tangu siku ya kwanza.

Na zile "plai nane" ambazo mafundi huzitaja? Alama 8PR ni kipimo cha nguvu tu, kilichobaki tangu enzi za matairi ya nyuzi za pamba, ambapo tabaka zilihesabika kweli. Tairi la radiali la leo lenye 8PR kwa kawaida halina tabaka nane popote.

Je, wajua kuwa ubavu wa tairi moja una mifumo mitatu ya vipimo kwa mpigo? Katika 225/70R15, 225 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia, yaani ukuta una kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwaka 1975 kampuni ya Michelin ilileta tairi la TRX lenye rimu za milimita, kwa mfano 390. Tairi la kawaida halikuweza kukaa kwenye rimu hizo, wala TRX kwenye rimu za inchi, na wanunuzi hawakutaka kufungwa na duka moja. Inchi ikashinda.

Inchi hiyo imejificha hata mahali ambapo watu husoma milimita. Hiace hii ina nati sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7. Namba hiyo yenye nukta huwashangaza wengi mpaka waigawe kwa 25.4, wapate inchi 5 na nusu kamili. Hilux na Prado zina duara hilohilo, na ndiyo maana rimu zake hupendwa sana na wenye Hiace. Mitsubishi Pajero nayo ina nati sita kwenye 139.7. Mtu hununua rimu za Pajero kwa bei nzuri, anazifikisha nyumbani, na haziingii: tundu la kati la rimu hiyo ni milimita 67, wakati habu ya Hiace inataka 106. Rimu ya Nissan Patrol ya zamani, yenye tundu la takribani 110, huingia bila taabu. Hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu haishikwi katikati na habu, inaning'inia kwenye nati peke yake, na mtetemo wake huonekana kama kosa la balansi. Zipo pete za kuziba pengo hilo, nazo hazina gharama kubwa.

Kisha kuna ET. Ni milimita zinazoonesha uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu ya Hiace ya kiwandani ina upana wa inchi 6 na ET karibu 35. Rimu za spoti za magari ya kuruka mawe mara nyingi zina upana wa inchi 8 na ET 0. Piga hesabu: ET iliyopungua husukuma gurudumu nje milimita 35, na upana ulioongezeka huongeza milimita 25 kila upande. Ukingo wa nje wa rimu umetoka sentimita 6. Kwa macho ya wengi hapo ndipo gari linapopendeza. Lakini beringi za mbele zilipimwa kwa mzigo unaokaa karibu nazo, na sasa mzigo umehamia nje. Usukani huvutwa na kila shimo, matope na kokoto hurushwa kwenye mlango, na tairi hugusa madigadi gari likikunja kona likiwa na shehena. Katika Hiace hali ni ngumu zaidi kwa sababu gurudumu la mbele liko chini ya kiti cha dereva, na nafasi humo ni finyu. Mimi nisingeshuka sana chini ya ET ya kiwanda kwa gari la uzito huu, hata kama duka zima linasema ni salama. Na spesa, ile bamba ya kusukuma gurudumu nje, hufanya jambo lilelile kwa njia ya mkato.

Je, wajua kuwa tairi lililoongezeka kimo kwa sentimita 4 huinua gari sentimita 2 tu? Nusu nyingine ya ongezeko iko juu ya ekseli, ndani ya madigadi. Chukua 235/75R15 yenye kimo cha milimita 733 au 734, ukilinganisha na 195/80R15 yenye 693. Umepata sentimita 2 chini ya difu, basi. Lakini spidimita haijui kuwa tairi limebadilika. Ikiwa ilikuwa inasema kweli kabisa, sasa mshale ukionesha 50 gari linakwenda karibu 53, na askari mwenye tochi pale mjini Tanzania, ambako kikomo ni 50, hasomi mshale wako. Bahati nzuri, kanuni za kimataifa za spidimita huikataza kuonesha mwendo ulio chini ya ule halisi, kwa hiyo viwanda huacha akiba kidogo.

Injini nayo hulipa. Ongezeko la asilimia 6 la kimo ni sawa na kufanya gia zote ziwe ndefu kwa asilimia 6: mlima uliopandwa kwa gia ya tatu sasa unataka ya pili, na breki zinasimamisha gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Viwanda vinalijua hili. Katika miaka ya 1980 Volkswagen ilikuwa na Transporter ya kuvuta magurudumu manne, Syncro, iliyokuwa ikiundwa Graz, Austria. Walipotaka kuipa magurudumu ya inchi 16 yenye tairi 205R16 badala ya yale ya inchi 14, hawakuishia kwenye rimu. Waliongeza ukubwa wa breki za mbele, wakabadilisha uwiano wa gia, wakaimarisha mwili na kupanua nafasi ya magurudumu. Toleo hilo linatafutwa mpaka leo na wapenda kampavani, na sababu ni kwamba kila kitu kilikua pamoja na tairi.

Upana ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Watu huamini tairi pana hukanyaga eneo kubwa zaidi. Kwa hesabu ya karibu, eneo linalogusa ardhi hutokana na uzito na upepo. Gari la kilo 3,000 huweka kilo 750 kwenye kila tairi. Kwa psi 50 hiyo ni sentimita za mraba kama 213, theluthi moja ya karatasi ya A4. Tairi pana lenye upepo uleule hukanyaga karibu eneo lilelile, ila umbo limekuwa fupi na pana. Shusha upepo hadi psi 25 na eneo linakuwa takribani maradufu. Mchangani, kwa hiyo, geji na pampu ya upepo vina thamani kuliko inchi ya ziada ya rimu. Huko Iceland magari ya Ford Econoline yaliyofungwa matairi ya inchi 44 hupita juu ya theluji kwa psi 2 au 3. Ila aliyeshusha upepo ashushe na mwendo, maana ukuta unaojikunja hupata joto haraka, na ajaze tena kabla ya kurudi lami.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, upana huo unaweza kuwa adui. Tairi jembamba la 7.50R16, la Land Cruiser za kazi, hukata tope na kutafuta ardhi ngumu iliyo chini. Pana huelea na kuteleza, na meno yake yakishajaa udongo linakuwa tairi kipara. Palipo na mchanga mwingi, pana. Palipo na tope lenye chini ngumu, jembamba. Hakuna tairi moja la nchi nzima.

Kwa rimu za aloi, geuza na utazame nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na alama JWL kama ni za magari madogo, na JWL-T kama ni za malori na mabasi. VIA huonesha kuwa zimepimwa na kusajiliwa. Kwa kampavani tafuta JWL-T, au kikomo cha uzito kilichoandikwa kwa kilo. Nati nazo si za kuchanganya: rimu nyingi za aloi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu za dukani kwa kawaida zinataka nati zenye kichwa cha pia. Ukikosea, nati inakaza kwa mkono wa fundi na kulegea barabarani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, zikazwe tena kwa spana yenye kipimo.

Limebaki tairi la akiba. Katika Hiace hujificha chini ya sakafu ya nyuma, na tairi kubwa huenda lisiingie humo. Wengi huacha lile dogo la zamani, na siku ya pancha ya nyuma difu inalazimika kuzungusha matairi mawili ya kimo tofauti mfululizo. Mwenye Hiace ya kuvuta magurudumu manne anaumiza zaidi. Na kabla ya kuhama inchi 15, kumbuka kuwa 195R15C ni tairi la daladala na matatu, kwa hiyo hupatikana hata katika miji midogo. Anayekwenda inchi 17 na anunue magurudumu matano, na la tano lijaribiwe mahali pake palepale dukani kabla pesa haijatoka mfukoni.