Fahamu: Kwa nini mgombea mwenza ana uzito katika kura yako

Mpiga kura wa Rusumo, pale mpakani na Rwanda, huweka alama moja tu ya urais, lakini alama hiyo huchagua watu wawili. Katiba ya Tanzania inataka mgombea urais na mgombea mwenza, yaani makamu wake mtarajiwa, wagombee pamoja, na kama rais anatoka Bara, makamu atoke Zanzibar, au kinyume chake.

Mwaka 2015 wengi wa ukanda huu walimtazama John Magufuli, mtu wa Chato, iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo. Jina la Samia Suluhu Hassan, mgombea mwenza, lilikuja nyuma yake. Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Siku mbili baadaye Samia aliapishwa, bila uchaguzi mpya. Ibara ya 37 ya Katiba ndivyo inavyoagiza: makamu humalizia kipindi kilichobaki. Hiyo pekee inatosha kumfanya mpiga kura aulize kama huyu wa pili anaweza kuongoza nchi.

Vyama hulijua hilo. Edward Lowassa alipogombea kupitia Chadema mwaka huohuo wa 2015, Juma Duni Haji wa CUF alihamia Chadema ili awe mwenza wake, kwa kuwa sheria inadai wagombea hao wawili wawe wa chama kimoja. Upinzani ulitafuta kura za Visiwani.

Uzito wa mwenza ulionekana hata kabla ya kura kupigwa mwaka 2005: kifo cha Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe, kiliahirisha uchaguzi wa Muungano kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14.