Tawi Linapobanwa Baada ya Stenti

Mshipa mkubwa wa moyo uliokuwa umeziba sasa unapitisha damu vizuri, na stenti, kimrija cha wavu wa chuma, imekaa mahali pake. Lakini pembeni, kwenye skrini ya Cathlab, chumba cha kuzibulia mishipa, tawi lililokuwa halina shida dakika chache zilizopita limesinyaa mdomoni hadi limebaki mstari mwembamba. Daktari inabidi aamue hapo hapo: aweke stenti ya pili, au aliache?

Hali hii si ngeni. Kati ya wagonjwa 100 wanaozibuliwa mishipa ya moyo kwa njia ya tundu dogo la mkononi au kwenye paja, 15 hadi 20 hivi wana ugonjwa mahali mshipa unapogawanyika panda. Mafuta hujijenga zaidi hapo kwa sababu damu ikifika kwenye panda haipiti kwa kasi ileile kila upande. Kwenye kuta za nje huenda polepole na kuzungukazunguka.

Ni rahisi kudhani kwamba stenti imeyasukuma mafuta hayo hadi kwenye mdomo wa tawi. Wakati mwingine ndivyo inavyokuwa. Lakini mara nyingi kinachohama ni ukuta mwembamba unaotenganisha njia mbili: puto linapoitanua stenti, ukuta huo husukumwa ukaegemea upande wa tawi, na mdomo uliokuwa duara unakuwa na umbo la yai. Sasa, picha ya eksirei ni kivuli tu. Ukiutazama mdomo huo kwa upande wake mwembamba, utaapa umeziba, kumbe kwa upande wa pili bado una nafasi.

Je, moyo wenyewe unasemaje? Swali hilo ndilo alilolifuata Bon-Kwon Koo na wenzake wa Korea Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Walichukua waya wenye unene wa milimita 0.36, wenye kihisio cha shinikizo karibu na ncha, wakaupenyeza kwenye matundu ya wavu wa stenti hadi ndani ya tawi. Mgonjwa hupewa dawa inayofungua mishipa midogo ya moyo kadiri inavyowezekana, kisha shinikizo la damu lililo baada ya kizuizi hulinganishwa na lile la kwenye aota. Mshipa usio na kizuizi husoma 1.0. Chini ya 0.75, misuli inayotegemea tawi hilo haipati damu ya kutosha.

Matawi 73 yalionekana pichani kuwa yamebanwa kwa asilimia 75 au zaidi. Kwa macho ya daktari yeyote, hayo ni ya kutibiwa. Kipimo kilionyesha kwamba ni 20 tu ndiyo yaliyokuwa yakiwanyima wagonjwa damu. Na yaliyobanwa chini ya asilimia 75? Hakuna hata moja.

Namba hizo zina uzito mkubwa, kwa sababu stenti ya pili ina gharama yake mwilini: chuma kingi zaidi kwenye panda, muda mrefu zaidi mezani, na dawa nyingi zaidi ya kupigia picha, ambayo figo ndizo zinazolazimika kuichuja.

Shina kuu la kushoto la mishipa ya moyo lina hesabu yake. Likigawanyika, kila njia hulisha sehemu kubwa ya moyo, na kosa hapo halina msamaha. Mwaka 2017 Shao-Liang Chen wa Nanjing, China, na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 482: kwa mwaka mmoja, tiba ilishindwa kwa asilimia 10.7 ya walioanziwa stenti moja, dhidi ya asilimia 5.0 ya waliowekewa mbili kwa ufundi wa pekee wa kuzibananisha. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 467, haukuona faida hiyo ya stenti mbili. Ufundi uliotumika haukuwa uleule, wala ugumu wa panda zenyewe haukulingana.

Kwa panda nyingi nyingine, madaktari huanza na stenti moja. Kabla ya kuifungua huacha waya ndani ya tawi, ili njia isipotee. Baadaye hutanua sehemu ya juu ya stenti kwa puto pana zaidi, kisha hutazama: damu inakwenda polepole tawini? Kifua kinamuuma mgonjwa? ECG imebadilika? Kama sivyo, na tawi lenyewe ni dogo, waya hutolewa na kazi imekwisha.